Wanafunzi 118, vishikwambi viwili na neno "kwa nini"

Swali: Nafundisha Hisabati kidato cha tatu katika shule ya kata ya kutwa, mikondo miwili, jumla wanafunzi 118. Nilitaka wanafunzi wajirekodi video wakieleza walivyofikia majibu yao. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo nilitumia kishikwambi changu na cha mwalimu mwenzangu. Wengi walisoma daftari mbele ya kamera, video zikawa za dakika nne nne, kishikwambi kikajaa kabla sijamaliza mkondo wa kwanza, na zile nilizopata sijasikiliza hata nusu. Walioeleza kwa Kiingereza walikwama. Walioeleza kwa Kiswahili, mwalimu wa taaluma ananiuliza zitawasaidia nini kwenye mtihani. Niendelee au niache? Nikiendelea, nifanyeje?

Jibu: Endelea, mwalimu, ila punguza. Umewapa watoto kamera bila kuwapa swali linalohitaji kamera. Ukimwambia mwanafunzi "eleza ulivyopata jibu", atakusomea hatua zilizoko kwenye daftari, na hatua hizo ungezisoma mwenyewe kwa sekunde kumi. Video ina kazi moja tu ambayo karatasi haiwezi: kukusikilizisha sababu aliyonayo mtoto nyuma ya jibu, hasa jibu lililo sahihi. Kila uamuzi utakaofanya, kuanzia urefu wa video hadi alama, upime kwa hilo.

Chukua mlinganyo ambao wanafunzi wako wameshaupita: x² = 5x. Haya ni maelezo ya aina tatu utakayoyasikia karibu kila darasa.

Wa kwanza: "Nagawanya kwa x pande zote mbili, x moja inakufa huku, na huku inabaki tano. x ni tano."

Wa pili: "Nilitaka kugawanya kwa x, nikajiuliza, je, kama x ni sifuri? Kugawanya kwa sifuri haikubaliki. Basi nikaleta vyote upande mmoja, nikatoa x nje ya mabano. Namba mbili zikizidishwa zikaleta sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Kwa hiyo x ni sifuri au x ni tano."

Wa tatu: "Nahamisha 5x, inabadilika alama. Natoa x nje. x ni sifuri au tano, kwa sababu ukiona kipeo cha pili lazima majibu yawe mawili."

Kwenye karatasi, wa pili na wa tatu wameandika mistari ileile na wote watapata alama zote. Kwa masikio hawafanani hata kidogo. Wa tatu ana kanuni ya uongo kichwani, na itamwangusha siku atakapokutana na x² − 6x + 9 = 0, yenye jibu moja tu, 3. Atalitafuta la pili, asipoliona atalitunga. Halafu sikiliza lile "nahamisha, inabadilika alama". Mtoto anaamini namba ina tabia ya kubadilika ikivuka alama ya sawasawa, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Hajui kwamba tumetoa 5x pande zote mbili. Ukishamsikia wa tatu, unajua kesho ubaoni uanze na nini.

Faida kwa mtoto mwenyewe nayo imepimwa. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani Michelene Chi na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa darasa la 8 waliosoma habari ya mzunguko wa damu. Kundi moja lilitakiwa kujieleza kila baada ya sentensi, jingine lilisoma habari ileile mara mbili. Waliojieleza walielewa zaidi. Hapakuwa na kamera pale. Kilichofanya kazi ni kule kujilazimisha kusema sababu, na kamera inakuwezesha kuwasikia watoto ambao usingewafikia ndani ya kipindi. Ongeza na hili: Mary Budd Rowe, naye wa Marekani, alipima miaka ya 1970 muda ambao mwalimu humsubiri mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Kishikwambi hakina haraka. Mtoto wa nyuma dirishani, asiyenyoosha mkono mwaka mzima, anapata nafasi yake.

Swali kwanza

Swali zuri la kurekodia lina njia panda ndani yake: mtoto hawezi kulijibu bila kuchagua upande na kuutetea. Badala ya "tatua x² = 5x", andika: "Musa ametatua x² = 5x kwa kugawanya pande zote kwa x, akapata x = 5. Je, 5 ni jibu sahihi? Je, kazi ya Musa imekamilika? Eleza kwa nini." Hapo kusoma daftari hakumsaidii, maana daftarini hakuna habari za Musa. Na kwa kuwa kosa ni la Musa, mtoto anakosoa bila kujianika.

Asilimia nazo ni shamba lenye rutuba. "Shati ni shilingi 10,000. Bei ikapanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20. Neema anasema imerudi palepale. Yuko sahihi?" Jibu ni 9,600, na karibu kila mwanafunzi atalipata akikokotoa. Unachokitafuta ni sentensi moja: asilimia 20 ya kupanda imechukuliwa kwenye 10,000, ile ya kushuka imechukuliwa kwenye 12,000. Asiyeisema hiyo hajaeleza, hata kama hesabu yake haina doa.

Unaweza pia kumtaka atabiri kabla ya kukokotoa, achague njia ipi kati ya mbili na kwa nini, au aseme kama jambo ni kweli siku zote, mara nyingine au kamwe: "Ukizidisha namba kwa yenyewe inakuwa kubwa zaidi." Hilo la mwisho linaonekana la darasa la tano, lakini nusu itanasa kidole hapo vidato vyovyote vile. Maswali ya kukokotoa marefu, kuchora grafu na kunukuu tafsiri za maneno yaache kwenye karatasi. Wenzako wa Fizikia na Kemia wakitaka kuiga, kanuni ni ileile: swali liwe na mtu aliyesema jambo, na mwanafunzi aamue.

Swali moja kwa video moja, mwalimu. Ukiweka vipengele (a) hadi (d), utarudi kwenye dakika nne.

Kukariri mbele ya kamera

Mtoto husoma kwa sababu mbili: anaogopa kukosea, na anadhani umeomba hotuba. Ukimruhusu kurekodi upya mara nyingi atakavyo, unaipa hofu chakula. Ataandika maneno yote, atayasoma, atafuta, atasoma tena, na ukipokea ile ya sita utakuta imenyooka na imekufa. Weka kanuni: mara mbili tu, achague mojawapo. Waambie wazi kwamba kusitasita na kujisahihisha katikati hakukatwi alama. Mtoto anayesema "hapana, subiri, nimekosea, ngoja" anakuonyesha kichwa chake kikifanya kazi, na hicho ndicho ulichokuja kukisikiliza.

Daftari libaki nje. Anaingia na nusu ya karatasi ya A4 yenye hesabu tu, namba na alama, bila sentensi. Awe ameimaliza kuandika kabla ya kurekodi, na kwenye video anyooshe kalamu, azungushie, aongeze mstari mmoja au miwili. Akianza kuandika tangu mwanzo mbele ya kamera, sekunde arobaini zinaisha mkono ukitembea na mdomo umefungwa.

Kinga kubwa kuliko zote ni kadi ya mwisho. Tengeneza vikadi sita hivi, kila kimoja kikiwa na badiliko dogo la swali: "Na kama ingekuwa x² = 5?" "Na kama ingekuwa x² = 5x − 6?" "Na kama tungeambiwa x si sifuri?" Vifunike. Mwanafunzi akifika kwenye sekunde ya 60 anafunua kimoja, anakisoma kwa sauti na kusema kitakachobadilika. Hatakiwi kukitatua chote. Aliyekariri maelezo ya rafiki yake ataonekana hapo hapo, na aliyeelewa utamsikia sauti ikichangamka. Badilisha kadi kila kundi, maana kundi la kwanza likitoka tu, habari zitafika hadi kibanda cha maandazi.

Muda: sekunde 90 jumla, yaani 60 za swali na 30 za kadi. Kwa mara ya kwanza wengi watamaliza sekunde 35 wakidhani wameshasema kila kitu. Usiwaongezee muda. Waongezee swali: "umesema umetoa x nje, kwa nini hilo linakupa haki ya kusema x ni sifuri?"

Sanduku la karatasi

Uso hauhitajiki. Unachotaka ni karatasi, mkono na sauti. Hilo peke yake linaondoa nusu ya aibu, na linaondoa suala la nani ana sare mpya na nani kola yake imechanika.

Chukua boksi lililokuja na rimu tano za A4, lenye kimo cha kama sentimita 25. Likate upande mmoja mrefu uwe wazi, hapo ndipo mkono utaingia. Kata dirisha kubwa upande wa kushoto kwa ajili ya mwanga, na lielekeze kwenye dirisha la chumba, ili kivuli cha mkono wa kulia kisianguke juu ya maandishi. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, geuza mpango. Juu toboa tundu la sentimita tatu kwa tatu. Kilaze kishikwambi juu ya boksi, lenzi iangalie chini kupitia tundu. Kwa kuwa lenzi ya vishikwambi vingi iko pembeni, usitoboe kabla hujajua kitakaa vipi bila kuning'inia. Chini ya tundu bandika alama nne za gundi ya karatasi kuonyesha mahali pa nusu ya A4. Kila anayekuja anaweka karatasi yake humo, hakuna kutafuta picha upya.

Waandike kwa kalamu ya wino mweusi au bluu yenye ncha nene, kwa herufi kubwa kidogo kuliko kawaida. Penseli haionekani. Kabla ya kubonyeza kurekodi, gusa karatasi kwenye kioo na ushikilie kidole kidogo. Kamera nyingi hapo zitafunga umakini na mwanga, vinginevyo kila mkono ukipita picha itafifia na kurudi. Zima mtandao kwa kuwasha alama ya ndege, ili simu ya mkuu wa shule isiingie katikati ya maelezo.

Sauti huharibu kazi nyingi kuliko picha. Tafuta tundu la maikrofoni kwenye ukingo wa kishikwambi, ulielekeze kwa mtoto, na asiwe mbali zaidi ya sentimita 40. Stoo ya vitabu ni studio nzuri, maana karatasi na vitabu hunywa mwangwi. Darasa tupu lenye sakafu ya saruji ni baya, na chini ya mwembe upepo utakula maneno. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Hakuna programu itakayokurudishia sauti hiyo.

Sasa kile kujaa. Kishikwambi kikirekodi kwa ubora wa 1080p, dakika moja inaweza kula karibu MB 120. Wanafunzi 118, dakika nne kila mmoja, ni MB 56,640, zaidi ya GB 56. Kisingeacha kujaa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, shusha hadi 480p kama kipo, au 720p kama ndicho cha chini kabisa. Kwa 480p dakika moja mara nyingi haizidi MB 30, na maandishi ya kalamu nene yanasomeka vizuri kwa umbali huo. Kama kishikwambi chako ni miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu, angalia kwanza nafasi iliyobaki, maana huenda kuna mafaili mengi ya kazi nyingine ambayo hujawahi kuyafungua.

Usitafute programu ya kigeni ya kukusanyia video. Flip, iliyopendwa sana na walimu wa Marekani, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 na ilipofika Julai 2024 ikaondolewa kama programu ya kujitegemea. Walimu walioitegemea walilazimika kuhamisha kazi za wanafunzi wao. Kamera ya kawaida, waya na flashi vinatosha, na havili bando.

Ratiba isiyokuua

Watu 118 kwa wiki huwezi, na huhitaji. Gawa kila mkondo makundi matano ya watu 12 hivi. Kila wiki kundi moja kwa kila mkondo linarekodi, yaani video 24. Kwa vishikwambi viwili, kila kimoja kinahudumia watu sita wa mkondo ulioko zamu. Mpe kila mmoja dakika nne, pamoja na kuingia, kutoka na jaribio la pili, zitakuwa dakika 24 ndani ya kipindi cha 40, wengine wakifanya mazoezi darasani. Chagua wanafunzi wawili wa kusimamia, wanaojua kubonyeza na kusimamisha tu, na wapokezane. Wiki tano zikipita kila mtu amerekodi mara moja. Ukitoa wiki za mitihani, muhula unakupa mizunguko miwili, ukibana sana mitatu.

Kila video ianze na namba: "Tatu A, kumi na saba, swali la pili." Jina lisitajwe. Siku hiyohiyo badilisha jina la faili liwe 3A_17_2, kisha hamishia kwenye flashi. Ukiacha hadi Ijumaa utakuwa na mafaili 24 yenye majina ya misururu mirefu ya tarakimu, na utakesha ukibahatisha sauti ya nani ni ya nani.

Video 24 za sekunde 90 ni dakika 36 za kusikiliza. Weka dakika tatu kwa kila moja pamoja na kuandika alama, ni dakika 72 kwa wiki. Ukizoea unaweza kusikiliza kwa kasi ya moja na robo. Kama hata hizo hazipatikani, sikiliza kwa ukamilifu nusu ya kundi, na nusu iliyobaki sikiliza sekunde 30 za kadi tu. Ni bora hivyo kuliko kurekodi wote na kutosikiliza yeyote. Watoto hujua upesi sana mwalimu asiyesikiliza.

Alama: kumi kwa kila video. Jibu 1, mpangilio wa hatua 2, sababu 5, kujikagua au kadi 2. Kwa mizani hiyo, wa tatu wetu wa "lazima majibu yawe mawili" anapata kama 4, wakati kwenye karatasi angekuwa sawa na mwenzake wa 10. Hapo ndipo utapata maswali kutoka kwa waliozoea kuwa wa kwanza. Wanaokariri vizuri ndio watakaolalamika zaidi, na kilio chao kina haki kama hukuwaonyesha mizani mapema. Ibandike ukutani kabla ya video ya kwanza. Kwenye mzunguko wa kwanza usiingize alama zozote kwenye alama za maendeleo, wacha wazoee boksi. Na usitoe alama kwa mwandiko, lafudhi, ujasiri wala uzuri wa picha. Ukizitoa, utakuwa unapima nani ana kaka mwenye simu nzuri nyumbani.

Kiswahili au Kiingereza

Mwalimu wa taaluma ana hoja, usimpuuze. Mtihani wa Hisabati wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, uko kwa Kiingereza, na mtoto atasoma swali kwa lugha hiyo. Lakini mtihani huo haumtaki atoe hotuba. Unamtaka aelewe swali na afikiri. Ukimlazimisha kufikiri na kutafuta maneno kwa wakati mmoja, atachagua maneno, na utarekodi sentensi tatu za kitabu cha kiada zisizo na wazo ndani. Ukimya wa mtoto aliyekwama kwa Kiingereza hauwezi kukuambia kama amekosa hisabati au amekosa lugha. Hiyo si taarifa ya kufundishia.

Fanya kwa awamu. Sekunde 60 za maelezo aseme kwa lugha anayofikiria nayo, hata akichanganya, na istilahi za hisabati zibaki kama anavyozikuta kitabuni. Kwa mzunguko wa pili, mwambie baada ya kumaliza aongeze sentensi moja tu ya Kiingereza inayobeba sababu. Kwa Musa wetu ingekuwa: "We cannot divide by x because x may be zero." Sentensi moja, lakini ni yake, na ameifikia akiwa tayari anajua inasema nini. Mzunguko wa tatu ziwe mbili au tatu. Hesabu neno "because" likitumika kweli, usihesabu sarufi. Ukimpelekea mwalimu wa taaluma video ya kwanza na ya tatu ya mtoto mmoja, mazungumzo yatabadilika bila wewe kubishana.

Yupo pia mwanafunzi mwenye kigugumizi. Mwondolee saa kabisa, au arekodi sauti peke yake pembeni bila msimamizi. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, boksi halifai. Anahitaji kamera inayoona kifua, mikono na uso, na mtu anayeijua lugha hiyo wa kukufasiria. Usimwambie aandike tu halafu ukaliita jambo limeisha, kama yeye mwenyewe hajasema ndivyo anavyopenda.

Kurudisha

Video isiyojibiwa ndani ya wiki moja ina madhara. Mtoto aliyeeleza kosa kwa sauti yake mwenyewe, kwa kujiamini, na hakuna aliyemwambia kitu, ameligongomea msumari. Jibu lenyewe liwe fupi: swali moja lililoandikwa kwenye ile nusu karatasi yake. Kwa wa kwanza: "Jaribu x = 0 kwenye mlinganyo. Unaona nini?" Kwa wa tatu: "Tatua x² − 6x + 9 = 0, kisha uniambie kama bado unaamini ulichosema." Usimwandikie sahihisho. Ukimpa sahihisho atalinakili.

Kila wiki chagua maelezo mawili yanayogongana, omba ruhusa ya wenyewe, uyapeleke darasani. Projekta si lazima. Nakili mistari yao ubaoni, cheza sauti kwa spika ndogo, simamisha pale penye "kwa sababu", waulize: huyu anasema nini, na mnakubali? Dakika kumi za hivyo zina mavuno kuliko video zote 24 zikibaki kwenye flashi. Usichague zile mbovu kabisa. Ile iliyokosea kidogo tu, iliyo na jibu sahihi na sababu ya kando, ndiyo inayowasha darasa, kwa kuwa wengi watajikuta humo.

Ruhusa na kufuta

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na inaweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sauti ya mtoto inamtambulisha hata kama uso haupo. Kwa hiyo mpe kila mzazi barua ya nusu ukurasa, yenye sahihi ya mkuu wa shule, inayotaja mambo manne: nini kinarekodiwa, ni kwa ajili gani, nani atasikiliza na kitafutwa lini. Mzazi asaini. Walioko Kenya nao wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Asiyeletewa ridhaa anaeleza kwako ana kwa ana kwa sekunde 90 zilezile, kadi ileile, na alama ileile.

Zisiende kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la walimu, hata ile ya kuchekesha. Hasa ile ya kuchekesha.

Muhula ukiisha, mrudishie kila mwanafunzi dakika tano asikilize video yake ya kwanza na ya mwisho, aandike kitu kimoja ambacho asingekisema tena. Karatasi hiyo itunze. Kisha futa video kwenye vishikwambi vyote viwili na kwenye flashi, halafu fungua kapu la picha zilizofutwa ulimwage nalo, maana vishikwambi vingi huziweka humo siku 30 au zaidi, na kishikwambi cha mwenzako jioni kinachezewa na watoto wake.